Kuziba Maji, Kuzuia Maji, na Huyu "Kupelekea"

SWALI: Nasoma uhandisi wa petroli hapa Dodoma. Kwenye ripoti nimeandika: "Uwepo wa maji mengi kisimani hupelekea kushuka kwa uzalishaji wa mafuta, hivyo jeli ya polima huingizwa ili kuziba maji." Mwenzangu anasema iwe "kuzuia maji". Nani yuko sahihi?

JIBU: Mwenzako. Kinachozibwa ni tundu, ufa, njia. Maji huzuiwa. Ungeandika "kuziba njia za maji" ungepona. "Polima" tumeazima, asili yake Kigiriki, maana yake sehemu nyingi; sina ugomvi nayo. Ila andika "mafuta ghafi", kwani Dodoma na Singida ukisema mafuta tu, mtu anawaza alizeti. Hayo mengine bado yanatafutwa bonde la Eyasi Wembere.

Sasa niachie huyo "hupelekea". Mmezibana nyufa za mwambani, huyu mmemwachia mlango wazi! Kupelekea ni kumfikishia mtu kitu: Asha amempelekea bibi uji wodini. Yupo mpelekaji, upo uji, yupo bibi. Kwenye sentensi yako maji yamempelekea nani? Kapelekewa nini, na kwa bodaboda gani? Mtaani kwetu lilibandikwa tangazo kwamba matengenezo ya bomba "yatapelekea ukosefu wa maji". Jirani yangu, mama mwenye ndoo nne tupu barazani, akaniuliza: "Mwalimu, huo ukosefu wanatuletea saa ngapi?" Kiswahili kina kusababisha, kuleta, kufanya. Mara nyingi hata vitenzi hivyo havihitajiki: maji yakizidi, mafuta hupungua. Basi. Na "uwepo" nao umekaa hapo bure kama mjumbe anayesubiri posho.

Tazama kazi yenyewe ilivyo rahisi kusemeka. Polima, mara nyingi poliakrilamaidi, huyeyushwa majini pamoja na kiungio, yaani kitu cha kuishikamanisha, kwa mfano chumvi ya kromiamu. Mchanganyiko husukumwa kwenye kisima kinachoingiziwa maji ya kusukuma mafuta, ukiwa bado mwepesi, nao hukimbilia kule maji yanakopita kwa urahisi, kwenye nyufa na tabaka zenye upenyo mkubwa. Huko chini, kwenye joto, baada ya saa kadhaa au hata siku, hushikamana ukawa jeli. Njia ikizibika, maji yanayosukumwa baadaye hulazimika kupita kwingine, na huko huyakuta mafuta yaliyosalia na kuyasukuma kuelekea kisima cha uzalishaji. Hapo kuna kuyeyuka, kusukuma, kukimbilia, kushikamana, kuziba. Kila kitenzi kimefanya kazi yake na hakuna aliyepelekewa kitu.

Kwa hiyo andika: "Maji yakizidi kisimani, mafuta ghafi hupungua, ndiyo maana jeli ya polima husukumwa mwambani izibe njia za maji." Mpe msimamizi wako. Akikurudishia "hupelekea" kwa wino mwekundu, mwachie. Shahada kwanza, mimi utanikuta hapahapa.