Maduara kwenye kwilti: kwa nini mimi siachi kuyashona

Ndugu, umeuliza kwa nini watu wanahangaika na maduara kwenye kwilti, yaani blanketi la vitambaa vilivyoungwa, ilhali miraba inashoneka upesi, na kwamba ya kwako yote yamekunjamana. Nimeshona viraka miaka mingi na swali hilo nililibeba muda mrefu, kwa hiyo nivumilie nikijibu kwa kirefu.

Kwilti ya viraka ni pembe tupu. Kitambaa chenyewe kimefumwa kwa nyuzi zinazokatana wima na mlalo, viraka vinakatwa kufuata nyuzi hizo, na safu zinaendelea hivyohivyo hadi kwenye pindo. Tia duara moja katikati ya hayo yote, jicho linakimbilia hapo na kutulia.

Ila duara zima lililobandikwa juu ya kitambaa silo linalonishika sana. Ninalolipenda ni lile ambalo halikukatwa. Chukua mtindo wa zamani uitwao Njia ya Mlevi. Kila kiraka ni mraba wenye robo duara kwenye kona moja, rangi mbili, basi. Kutanisha viraka vinne, robo zote zikiwa katikati, na duara limezaliwa. Geuza viwili, duara linavunjika na kuwa wimbi. Panga 16 na unapata njia inayopindapinda. Hakuna kiraka hata kimoja chenye duara ndani yake. Jicho ndilo linaloliunga. Nimewahi kukaa sakafuni jioni nzima nikigeuzageuza viraka vilevile bila kushona hata kimoja, na sikuona muda ukipita.

Pete Mbili za Ndoa, mtindo uliopendwa sana Marekani mwishoni mwa miaka ya 1920 na katika miaka ya 1930, una mvuto huohuo: pete zimeingiliana hadi hujui ipi imeanza. Matao yake huungwa kwa vipande vidogo, kwa hiyo masalia yote ya kapuni yanapata kazi. Ukiushona, utepe wa pindo ukate mshazari, kwa sababu ukingo wa kwilti hiyo ni wa mawimbi na utepe uliofuata uzi hautapinda nao.

Sasa kukunjamana kwako. Duara langu la kwanza lilituna katikati kama kofia. Nikalisukuma kwa pasi, likazidi. Baadaye nilielewa kwamba ukingo wa duara unafuata uzi wa kitambaa mahali panne tu. Kati ya hapo unapita mshazari, na mshazari huvutika. Pasi ikisukumwa inapanua sehemu hizo na kuziacha nyingine. Ibonyeze, iinue, ihamishe.

La pili ni hesabu, na hili ndilo lililonifungua macho. Nafasi ya mshono, yaani kitambaa kinachoachwa nje ya mshono, ikiwa milimita 6, ukingo wa robo duara unakuwa mrefu kuliko ukingo wa shimo linaloipokea kwenye kipande cha pili kwa karibu milimita 19. Tofauti hiyo haibadiliki, robo iwe kubwa au ndogo. Kwenye tao refu milimita 19 zinamezwa bila kuonekana. Kwenye tao fupi hazina pa kwenda, zinakuwa mikunjo. Kwa hiyo usijifunzie kwenye viduara vidogo. Anza na robo yenye nusu kipenyo cha sentimita 12 hivi.

Ukishona, kunja kila kipande katikati upate alama ya kati, kutanisha alama, piga pini hapo na kwenye ncha mbili, kisha gawa nafasi zilizobaki kwa pini nyingine. Kipande chenye shimo kikae juu, kwa sababu ukingo wake ndio unaotakiwa kufunguka. Ukate vipasuo vya milimita 3, visiufikie mshono. Enda polepole, simamisha cherehani sindano ikiwa ndani ya kitambaa, laza mikunjo kwa vidole, endelea. Mimi hupiga bandi (mshono wa muda) kwa mkono kwanza kitambaa kikiwa chepesi, na sijawahi kujutia dakika hizo.

Na kabla hujaunganisha viraka, vitandaze vyote chini, rudi nyuma hatua kadhaa, utazame macho yakiwa yamefumba nusu. Mahali rangi ya robo na rangi ya mraba zinapokaribiana mno, duara litapotea. Badilisha kitambaa hapo hapo, mshono haujaingia bado.