Mfungaji bora tunaye, ushindi hatuna

SWALI: Mhariri, shikamoo. Timu yetu ya kikapu ya mtaani ina kijana anayefunga kuliko wenzake wote, lakini hatushindi. Mechi ya mwisho tumefungwa 58–51, na pointi 24 zilikuwa zake. Kocha anataka kumpunguzia dakika. Sisi mashabiki tunaona ni chuki tu. Nanakili daftari. Kijana: mitupo 25, iliyoingia 9 (miwili ya pointi tatu), mitupo huru (ile ya baada ya faulo) 4 kati ya 8, kapoteza mpira mara 6. Wengine wote kwa pamoja: mitupo 28, iliyoingia 12 (mmoja wa pointi tatu), mitupo huru 2 kati ya 4, wamepoteza mpira mara 7. Rebaundi za kushambulia (tumekosa kikapu, tukaudaka mpira tena wenyewe) za timu nzima 10. Nani mkweli?
Msomaji, Ujiji, Kigoma

JIBU: Marahaba. Daftari lenu limetunzwa vizuri, na linamtetea kijana kuliko kocha anavyodhani, ingawa halimsafishi.

Anzeni na mitupo. Kikapu cha pointi tatu ni sawa na kimoja na nusu vya kawaida, kwa hiyo chukueni vikapu vilivyoingia, ongezeni nusu ya vile vya pointi tatu, kisha gawanyeni kwa mitupo yote. Kijana ni 10 kwa 25, yaani asilimia 40. Wenzake ni 12.5 kwa 28, karibu asilimia 45. Hapo kocha atasema "si niliwaambia!" Asubiri kidogo. Mara nyingi wenzake wanatupa bila bughudha kwa sababu walinzi wawili wamemganda kijana. Akiwa benchi, hiyo 45 inaweza kuporomoka.

Sasa hesabuni mashambulizi, maana mechi inaamuliwa hapo. Shambulizi huishia kwenye mtupo, kwenye mitupo huru, au mpira ukipotea. Kwa mchezaji mmoja: mitupo, jumlisha mitupo huru mara 0.44, jumlisha mipira aliyopoteza. Hiyo 0.44 inatumika badala ya nusu kwa kuwa mitupo huru haiji miwili miwili kila mara. Upo ule wa nyongeza baada ya kikapu kuingia na faulo juu yake, nao hauhesabiwi kuwa shambulizi jingine. Kijana: 25 + 3.5 + 6 = 34.5, kwa pointi 24, sawa na pointi 0.70 kwa kila shambulizi. Wenzake: 28 + 1.8 + 7 = 36.8, kwa pointi 27, sawa na 0.73. Kwa tofauti hiyo, tena ya mechi moja, simpeleki mtu benchi.

Kwa timu nzima toeni rebaundi za kushambulia, kwani zinaendeleza shambulizi lile lile: 53 + 5.3 + 13 − 10, kama 61. Kati ya hayo, 13 yalipotea bila hata mtupo. Yale 48 yaliyobaki yalileta pointi 51, zaidi kidogo ya pointi moja kwa kila shambulizi. Basi kila mpira uliopotea umewagharimu pointi moja, na hapo bado hamjahesabu kikapu cha mbio mnachofungwa mpira ukiporwa katikati ya uwanja. Kijana akipoteza 3 badala ya 6, na akiingiza mitupo huru 6 badala ya 4, mmerudisha kama pointi 5 kati ya zile 7 mlizofungwa.

Mwandishi wenu aongeze safu moja: mpira umepotea wapi na vipi. Ukipotea wakati kijana anapenya katikati ya walinzi wawili, kumpunguzia dakika hakutibu kitu. Anahitaji mwenzake wa kupokea pasi mapema, kabla mlinzi wa pili hajafika. Mitupo huru aifanyie mazoezi mwishoni, akiwa anahema, miwili kisha akimbie, miwili tena.

Na mashabiki nanyi msijidanganye na wastani wa pointi. Msimu wa 1986–87 Michael Jordan alifunga wastani wa 37.1, na timu yake, Chicago Bulls, wakashinda mechi 40, wakafungwa 42. Msimu wa 1995–96 wastani wake ulikuwa 30.4, timu ikashinda 72 na kufungwa 10 tu. Hakushinda kwa kufunga kidogo. Pembeni yake walikuwepo Scottie Pippen na Dennis Rodman, huyu wa pili akidaka rebaundi 14.9 kwa mechi.

SWALI: Mchezaji wetu mrefu anadaka rebaundi 15 kila mechi. Mbona tunafungwa?
Msomaji, Tabora mjini

JIBU: Kumi na tano kati ya ngapi? Wapinzani wakikosa sana, au mechi ikiwa ya mbio, idadi inapanda yenyewe. Chukueni rebaundi zote za timu yenu chini ya kikapu mnachokilinda, mzigawe kwa jumla ya hizo na zile walizodaka wapinzani papo hapo. Kwenye NBA, ligi kuu ya kikapu ya Marekani, timu inayojilinda huzoa karibu robo tatu. Pigeni hesabu hiyo mrefu wenu akiwa ndani, kisha akiwa nje. Isipobadilika, alikuwa anadaka mipira ambayo mwenzake angeidaka vilevile.

Mtazameni pia mpira ukiwa hewani. Anayemweka mpinzani mgongoni na kumziba hapati hata alama moja daftarini; anayemwacha mtu wake na kukimbilia mpira ndiye anayeandikiwa.

SWALI: Mlinzi wetu hafungi wala hadaki, ila akitoka tu tunachapwa mfululizo. Tumwandikeje?
Msomaji, Kasulu

JIBU: Andikeni matokeo kila anapoingia na kila anapotoka. Akiingia mko 12–15 na akitoka mko 26–22, mmetoka kwenye −3 hadi +4, basi ana +7. Mechi moja haitoshi, na anayecheza muda wote na watano wa kwanza hubebwa nao. Subirini kama mechi kumi, mlinganishe na dakika alizokaa benchi.

Wachezaji wa aina yake wameonewa na vitabu tangu zamani. NBA ilianza kuhesabu rasmi bloku (mitupo inayozuiwa hewani) na mipira inayoporwa msimu wa 1973–74, wakati Bill Russell, gwiji wa ulinzi wa Boston Celtics, ameshastaafu na ubingwa mara 11 katika misimu 13.

Kazi hii inataka watu wawili: mmoja anatazama na kutamka, mwingine anaandika bila kuinua macho. Makosa mengi hutokea mchezaji akibadilishwa katikati ya mitupo huru. Pointi za mitupo hiyo waandikieni watano waliokuwa uwanjani faulo ilipopulizwa.