Ukianza kusoma kupanda kwa Stalin, usianzie 1937

Wengi wanaosoma jinsi Stalin alivyokuja kuutawala Umoja wa Kisovieti hukimbilia 1937: watu kukamatwa usiku, kesi za maonyesho, kambi. Nimesahihisha insha nyingi za aina hiyo. Zinaeleza ukatili vizuri, ila hazijibu swali lililoulizwa, yaani aliwezaje kushika madaraka. Jibu liko nyuma zaidi, kati ya 1921 na 1929, na limejaa vikao na makaratasi. Linachosha kidogo, vumilia.

Anza na Machi 1921. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Urusi vinaelekea ukingoni, nchi ina njaa, mabaharia wa kituo cha Kronstadt wameasi. Katika Mkutano Mkuu wa 10 wa chama cha Kikomunisti kilichotawala, kiongozi wake Lenin anapitisha azimio la kupiga marufuku makundi ndani ya chama. Lipigie mstari azimio hilo. Lilikuja kama hatua ya dharura, halikuondoka, na baadaye kila aliyempinga Stalin alichapwa nalo.

Kisha nenda Aprili 1922, Stalin anapofanywa Katibu Mkuu wa chama. Wakati ule cheo hicho hakikugombewa. Wakubwa wengine walipenda jeshi, magazeti na majukwaa. Kazi yake ilikuwa kupanga ajenda, kuteua watu na kuwahamisha. Hapa usiharakishe. Katibu wa mkoa aliyewekwa na sekretarieti, yaani ofisi ya Stalin, ndiye aliyekuwa na sauti juu ya nani aende mkutano mkuu. Wajumbe hao wakachagua Kamati Kuu, na Kamati Kuu ndiyo iliyompa Katibu Mkuu kiti chake. Chora mzunguko huo kwenye daftari kabla hujasoma hotuba hata moja.

Sehemu tamu kuliko zote, kwa maoni yangu, ni barua ya Lenin. Akiwa mgonjwa, tarehe 4 Januari 1923, aliongeza maneno kwamba Stalin ana ufidhuli uliozidi, chama kitafute njia ya kumwondoa kwenye cheo hicho. Lenin alifariki Januari 1924. Mwezi Mei barua ikasomewa wajumbe wa mkutano mkuu kikundi kwa kikundi, bila kuchapishwa. Stalin akasema yuko tayari kujiuzulu, akaombwa abaki. Zinoviev na Kamenev, wakubwa wawili wa chama, walimkingia kifua, kwa sababu aliyewanyima usingizi ni Trotsky, kamanda wa Jeshi Jekundu. Zinoviev na Kamenev wenyewe walipigwa risasi Agosti 1936, chini ya utawala wa Stalin.

Ukimsoma Trotsky, furahia kalamu yake lakini kumbuka ni mtu aliyeshindwa. Anamchora Stalin kama mtu wa kawaida asiye na fikra. Stalin alikuwa msomaji mkubwa, na kauli yake ya usoshalisti katika nchi moja, yaani kuujenga nyumbani bila kungoja mapinduzi kwingine, iliwaingia watu waliochoshwa na vita.

Kilichobaki kipange kwa washirika. Mwanzoni aliungana na Zinoviev na Kamenev dhidi ya Trotsky. Kuanzia 1925 akawa na Bukharin, mkubwa mwingine wa chama, dhidi ya hao wawili. Mwaka 1929 Trotsky alifukuzwa nchini na Bukharin akatolewa Politburo, kamati ndogo ya juu kabisa ya chama.

Baada ya hapo fungua Mkutano Mkuu wa 17, wa 1934, uliojaa watu waliomshangilia. Kwa takwimu alizotoa Khrushchev, kiongozi wa chama baada ya Stalin, mwaka 1956, kati ya wajumbe 1,966 waliohudhuria, 1,108 walikamatwa baadaye.