Ukipanga Kuweka Tabo Baadaye, Nunua Injini Yenye Ndugu

Kabla hujaniuliza tabo ya saizi gani, yaani ile turbo inayosukumiza hewa ndani ya injini, niambie kwanza: injini unayotaka kununua ina ndugu aliyetoka kiwandani na tabo? Hilo ndilo swali langu kwa kila kijana anayenijia na mpango wa "nichukue gari sasa, tabo nitaweka mwakani". Wengi huja na picha ya gari na bei. Rangi wameipenda, rimu wameshazichagua. Injini yenyewe wanaijua kwa ujazo tu, lita mbili au mbili na nusu, na ujazo hauwezi kukuambia kama injini itastahimili hewa ya kusukumizwa.

Ndugu wa kiwandani ni ushauri wa bure kutoka kwa wahandisi walioijua injini hiyo kuliko mimi na wewe na fundi wako. Ukiziweka mbili hizo pamoja, ile ya kawaida na ile ya tabo, ukatazama walichobadilisha, umeshajua waliogopa nini.

Chukua familia ya JZ ya Toyota, ambayo nimeishi nayo miaka mingi. 1JZ-GE ni lita 2.5, silinda sita mstari mmoja, bloku ya chuma cha kusubu. Ile yenye VVT-i, mfumo wa kurekebisha muda wa valvu, ina kompresheni, yaani kiasi ambacho pistoni inabana hewa, ya 10.5 kwa 1. Ndugu yake, 1JZ-GTE, alipewa 8.5 kwa 1 zamani za tabo mbili, na 9 kwa 1 ilipokuja ya tabo moja yenye VVT-i mwaka 1996. Alipewa pia vijibomba vinavyorusha oili chini ya pistoni ili kuzipoza. Kwa hiyo bloku waliiamini. Walichokiogopa ni joto la juu ya pistoni, na hapo ndipo na wewe utaweka akili na pesa zako.

Faida nyingine ya ndugu ni vipuri. Menifodi ya eksozi ya tabo, gasketi zake, mabomba ya oili na maji, nozeli kubwa zaidi za kurushia petroli, vyote vilishatengenezwa na vina namba. Ukienda Kirinyaga Road ya Nairobi au Gerezani ya Dar es Salaam unataja jina la kitu, huanzi kuchora. Injini isiyo na ndugu inakulazimisha kuchomelea menifodi kwa mkono, na menifodi ya kuchomelewa ovyo hupasuka, kwa sababu inapata moto mkali na kupoa kila siku huku imebeba uzito wa tabo.

Tahadhari moja kubwa kwa wapenzi wa Mark II 110, Verossa na Crown za miaka ile: si kila 1JZ ni ile unayoiwaza. Kuna 1JZ-FSE, maarufu kama D4, inayorusha petroli moja kwa moja ndani ya silinda kwa pampu ya shinikizo kubwa. Kompresheni yake ni 11 kwa 1. Kwa mwendo wa kawaida ni injini nzuri, laini, isiyokunywa sana. Kuifungia tabo ni safari nyingine kabisa, maana pampu ile na nozeli zake hazina akiba ya kutosha na kontroboksi yake, yaani kompyuta ya injini, ni ngumu kuichezea. Muuzaji atakwambia "ni 1JZ hiyo" na hatakuwa amedanganya. Fungua boneti, tafuta bamba la Toyota, soma mstari wa injini mpaka herufi ya mwisho.

Toyota Altezza nayo huniletea wageni wengi kuliko gari lolote. RS200 ya gia za mkono ina 3S-GE yenye farasi 210, na nguvu hizo zimetokana na kompresheni ya 11.5 kwa 1 pamoja na kupanda mizunguko. Injini hiyo imeshakamuliwa na kiwanda karibu mpaka mwisho. Ndugu yake wa tabo, 3S-GTE, yupo kwenye Caldina na Celica, ila ana kompresheni ya chini zaidi. Ukiona kiwanda kimetofautisha hivyo, elewa kwamba kuweka tabo kwenye RS200 maana yake ni kuifungua, kubadilisha pistoni na kuanza hesabu upya. AS200 yenye 1G-FE wengi hukimbilia kwa sababu ni rahisi kupata. 1G ilikuwa na ndugu wa tabo na hata wa supachaja, 1G-GTE na 1G-GZE, lakini hao ni wa miaka ya 1980 na mwanzo wa 1990, hedi zao (vichwa vya injini) ni tofauti, na vipuri vyao ni vya kuwinda. Kwa 1G-FE mimi humwambia mtu aitunze, abadilishe oili kwa wakati, na pesa ya tabo aiweke kwa gari lijalo.

Kwa nini naisisitiza kompresheni hivi? Hewa ikishasukumizwa ndani kwa tabo halafu ikabanwa tena na pistoni, joto linapanda mpaka mchanganyiko unalipuka wenyewe, nje ya mpango wa plagi. Mlipuko huo unaipiga pistoni wakati bado inapanda. Mara nyingi husikii kitu ukiwa ndani ya gari, eksozi inanguruma na madirisha yako wazi. Ninachofanya ni kutoa plagi baada ya kuisukuma injini na kuitazama kauri yake nyeupe kwa kioo cha kukuza, juani. Ukiona vitone vidogo vinavyong'aa kama vya fedha, hiyo ni aluminiamu ya pistoni yako. Imeanza kumeguka na kurukia plagi. Zima gari hapo hapo, usiendeshe hata kwenda kwa fundi.

Subaru zenye injini ya EJ20 ya tabo zinajulikana kwa ugonjwa huu: ule ukingo mwembamba wa pistoni ulio katikati ya ringi na ringi huvunjika petroli ikipungua au mchanganyiko ukilipuka vibaya. Nazitaja kwa heshima, ni injini ninazozipenda. Ila kuna watu wananunua Impreza au Legacy isiyo na tabo, yenye kompresheni karibu 10, wakitumaini kuigeuza, ilhali EJ20 ya tabo yenye kompresheni ya 8 imejaa mitaani ikiwa na intakula yake ya kupoza hewa, nozeli zake, na kontroboksi inayojua kazi. Kwa Subaru ushauri wangu ni mmoja: nunua ya tabo tangu mwanzo.

Kuna injini ambazo ningekwambia uziache bila kujadiliana. 2AZ-FE, lita 2.4, iliyomo kwenye Harrier, Kluger, Ipsum na Alphard nyingi sana za Afrika Mashariki, ina historia mbaya ya nyuzi za bolti za hedi kung'oka kwenye bloku ya aluminiamu, hasa zile za miaka ya mwanzo. Inafanya hivyo hata bila tabo. Ukiongeza shinikizo ndani ya silinda unaisaidia kuinua hedi. 1ZZ-FE ya Corolla na ndugu zake, lita 1.8, ilianza maisha na tatizo la kula oili kwa sababu ya matundu madogo ya kurudishia oili kwenye pistoni. Injini inayokula oili haifai kusukumiwa hewa, maana oili inayoingia kwenye moto inashusha ubora wa petroli na kukaribisha mlipuko uleule.

Jambo lifuatalo sijaona likiandikwa vya kutosha kwa Kiswahili, nalo linatuhusu sisi kuliko Wajapani. Mimi nakaa Nairobi, kwetu ni Mombasa. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, na hewa yake ina shinikizo la kama bar 0.82 tu, wakati Mombasa ni bar 1. Injini ya kawaida inapoteza karibu asilimia 17 ya nguvu kwa kupanda tu. Ndiyo maana tabo inapendeza sana Nairobi, Nakuru na Eldoret: inarudisha kilichopotea.

Lakini fuata hesabu. Geji ya busti, yaani shinikizo la tabo, inasoma kilichoongezwa juu ya hewa ya hapo ulipo. Bar 0.5 Mombasa ni jumla ya 1.5. Bar 0.5 Nairobi ni jumla ya 1.32. Geji inasoma sawasawa, ila hewa inayoingia silindani hailingani. Tena Nairobi tabo inazidisha hewa mara 1.6 badala ya 1.5, kwa hiyo inazunguka zaidi na hewa inatoka na joto zaidi. Sasa chukua gari lililotuniwa Nairobi, yaani lililorekebishiwa petroli na busti, mpaka ukingoni, lishushe pwani Desemba na familia ndani. Ukipita Mtito Andei joto limeshapanda, ukifika Mariakani hewa imekuwa nzito, busti ileile ya 0.5 sasa inajaza silinda kuliko fundi alivyopima. Nimewaona watu wakifika Mombasa salama na kuvunja pistoni wakipanda kurudi, kwa sababu plagi zilikuwa zimeanza kuonyesha dalili na hakuna aliyetazama. Kama gari litafika pwani hata mara moja kwa mwaka, tyuning ifanyike kwa kuifikiria pwani.

Mwinuko huo unakuhusu hata siku ya kununua. Ukipima kompresheni kwa geji Nairobi, yaani shinikizo ndani ya kila silinda, namba zitakuwa chini ya kitabu kwa kama asilimia 15. Injini ambayo kitabu kinataka psi 180 ikisoma 153 hapa bado ni nzima. Kinachokuhusu zaidi ni silinda kulingana. Ikiwa tano zinasoma 153 na moja 125, ondoka. Pima injini ikiwa ya moto, plagi zote zimetolewa, pedali ya mafuta imekanyagwa hadi chini. Kisha omba filta ya oili ya zamani, ikatwe, karatasi yake itandazwe kwenye kitambaa cheupe. Unga wa kung'aa wa rangi ya shaba ni wa beringi za krenki. Muuzaji anayekataa kipimo hiki ameshakujibu. Na kwa kuwa Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8, JZ yoyote utakayouziwa hapa imeshazunguka kwenye barabara zetu muda mrefu, au ni injini iliyoletwa peke yake bila gari na hakuna anayejua ilipita wapi.

Supachaja nitaipitia haraka. Inaendeshwa na mkanda kutoka kwenye krenki, inaitika mara moja ukikanyaga, haina ule uzembe wa tabo kubwa kwenye foleni. Inakula nguvu ya injini yenyewe ili ifanye kazi. Kwa sisi wa nyanda za juu ina upungufu wa ziada: puli yake inazidisha hewa iliyopo kwa kiasi kilekile siku zote, kwa hiyo hewa ikiwa nyepesi nayo inatoa kidogo, wakati tabo inaweza kuongeza mwendo ikafidia. Anayeitaka kweli aanze na gari lililozaliwa nayo. Mercedes C200 Kompressor zenye M271 zipo nyingi na bei zimeshuka, mradi usikilize cheni ya taimingi injini ikiwaka asubuhi ikiwa baridi. Ukisikia mkwaruzo wa cheni sekunde za kwanza, toa gharama ya cheni na gia zake kwenye bei kabla hujatoa mkono.

Gia boksi wengi huikumbuka mwisho. Altezza ya gia sita ni tamu mkononi lakini boksi yake haipendi msukumo mkubwa. Toyota walipoweka 1JZ-GTE na gia za mkono walitumia R154, na hapo tena ndugu anakuonyesha njia. Uliza bei ya boksi na klachi kabla ya bei ya tabo, kwa sababu mara nyingi ndizo zinazozidi.

Kwa atakayeniuliza aanze na nini, jibu langu ni 1JZ-GE au 2JZ-GE nzima, yenye kompresheni zinazolingana, kwa busti ndogo isiyozidi bar 0.5. Akiweza kupata GTE, achukue GTE. Asiyetaka gari la umri huo aangalie Forester XT au Golf GTI, zilizotoka na tabo zake. XT za kuanzia mwisho wa 2012 zina injini ya FA20 yenye kompresheni ya 10.6 pamoja na tabo, jambo linalowezekana kwa sababu mafuta yanayorushwa ndani ya silinda yanapoza hewa hapo hapo, na kontroboksi yake ilijengwa kwa kazi hiyo.

Na mwaka huu wa kusubiri una kazi. Safisha rejeta, au weka mpya kama mapezi yake yamekwisha. Badilisha hozi zote. Nunua pampu kubwa ya mafuta na nozeli kabla ya tabo, maana hewa ikiongezeka kwa asilimia 40 petroli nayo lazima iongezeke hivyo, na kipima hewa cha injini isiyo na tabo mara nyingi kinakomea kwenye shinikizo la hewa ya kawaida, hivyo utahitaji kontroboksi inayosoma zaidi ya hapo. Geji ya mchanganyiko wa hewa na mafuta ifunge leo, injini ikiwa bado ya kawaida. Uendeshe nayo, uzoee kuiona ikikaa karibu na 14.7 (sehemu za hewa kwa moja ya petroli) kwenye mwendo wa taratibu na kushuka ukikanyaga. Siku tabo itakapofungwa na geji ipande juu ya 12 ukiwa kwenye busti kamili, mguu wako uwe umeshaondoka kwenye pedali.