Rada ya angani na majaruba ya Mbarali: maswali yenu

Wiki hii mmeuliza kuhusu setilaiti za rada. Nimechagua manne.

Huku Rungwe mvua zikianza ni mawingu mfululizo. Setilaiti itaona nini? (Tukuyu)

Ya kamera itaona mgongo wa wingu tu. Rada haingoji jua: inatuma mawimbi yake na kupokea yanayorudi. Mawimbi ya Sentinel-1 ya Ulaya yana urefu wa sentimita 5.6 hivi, na matone ya wingu ni madogo mno kuyazuia. Usiku na mchana kwake ni sawa.

Mimi mkulima wa mpunga nafaidikaje? (Mbarali)

Usiku mulika tochi kwa mshazari kwenye jaruba lililojaa maji yaliyotulia. Mwanga unateleza mbele, kwako haurudi. Ndivyo rada inavyoliona shamba siku za kupandikiza: jeusi tii. Mpunga ukisimama, mawimbi yanagonga maji, yanagonga bua, yanarudi juu. Picha inaanza kung'aa. Ukizipanga picha za msimu mzima unajua eneo lipi limepandikizwa lini, na wapi maji hayajafika. Usangu, ambako Ruaha Mkuu hukauka kiangazi na watu hugombana kwenye mifereji, ningependa picha hizi zibandikwe ofisini kwa kila skimu. Ni za bure. Jumuiya za watumia maji, mwombeni afisa umwagiliaji awasomee.

Inaweza kuona chini ya majani ya misitu yetu? (Mafinga)

Inategemea urefu wa wimbi. La sentimita 5.6 huishia kwenye majani na vijitawi. NISAR, ya Marekani na India, iliyorushwa Julai 2025, ina wimbi la sentimita 24 linalopenya hadi matawi makubwa na shina. Kwa misonobari ya Sao Hill hiyo ndiyo ya kufuatilia.

Shikamoo. Mlimani juu ya nyumba yetu pana ufa. Rada itatuonya? (Mbeya mjini)

Marahaba, mwanangu. Wataalamu hulinganisha picha mbili na kugundua ardhi iliyosogea hata sentimita moja. Lakini kila setilaiti ya Sentinel-1 hurudi kwenye njia ile ile baada ya siku 12, na majani mengi huvuruga kipimo. Kwa hiyo usiitegemee. Pigilia vigingi viwili, kimoja kila upande wa ufa, pima kati yake kwa futi kamba kila asubuhi, mpelekee mwenyekiti wa mtaa vipimo. Mvua ikinyesha na vigingi vikaachana, watoeni watoto na bibi kwanza, simu mtapiga mkiwa nje.