Kabla hujaipa print jina jingine

Mpwa wangu ana miaka kumi na miwili. Siku ya kwanza nilipomkalisha mbele ya laptopu kumfundisha Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, aliandika print("Habari"), amri ya kuonyesha maneno kwenye skrini, akabonyeza Enter, kisha akainama kuchungulia nyuma ya meza. "Mjomba, karatasi inatokea wapi?" Sikumcheka. Mtaani kwetu kuprinti ni kwenda steshenari na flashi mkononi.

Nikaona nimtengenezee kifurushi kidogo, yaani programu ndogo ya kuongezea kwenye Python, ili aandike andika badala ya print. Nikaanza hivi, na wewe usianze hivi:

def andika(maneno):
    print(maneno)

Hakikudumu hata nusu saa. Dogo akaandika andika("Jumla ni", 4500), Python ikamrushia ujumbe wa kosa, TypeError: fanksheni yangu, yaani ile amri niliyoiunda kwa def, inapokea kitu kimoja, yeye kaipa viwili. Print yenyewe inapokea vitu hata kumi, tena ina sep ya kuvitenganisha, end ya kumalizia mstari na file ya kupeleka maneno kwenye faili. Vyote hivyo nilikuwa nimevifyeka bila kujua. Nikahangaika na *args na **kwargs, alama za kuifanya fanksheni ipokee vitu vingi, hadi usiku, nikaja kugundua kazi nzima ni mstari mmoja:

andika = print

Angalia, hakuna mabano. Ukiyaweka utakuwa umeiita print papo hapo, na andika itaambulia None, yaani patupu. Jambo hili linawezekana tangu Python 3.0 ya mwaka 2008, print ilipofanywa fanksheni kama nyingine. Kwenye Python 2 print ilikuwa neno la lugha yenyewe, kama if na for zilivyo mpaka leo, na hayo huwezi kuyapa jina jingine kwa njia hii. Na ikitokea umeandika print = "Habari" kwa bahati mbaya, usizime kompyuta; charaza del print, ile ya asili itarudi.

Kosa langu kubwa lilikuwa kukipakia kifurushi PyPI, ghala la mtandaoni la vifurushi vya Python. Nilikipakia kikiwa bado na ile kasoro, nikafuta, nikataka kurudisha kilichorekebishwa kwa namba ileile ya toleo. Kikakataliwa: jina la faili likishatumika pale halirudiwi, hata ukifuta. Ikabidi kiwe 0.1.1. Yote hayo kwa mstari mmoja! Mstari wa namna hiyo uweke juu ya faili lako, yatosha. Mwaka 2016 wenzetu wa JavaScript, lugha nyingine ya programu, waliona kilichotokea left-pad, kifurushi cha mistari 11, kilipoondolewa npm, ghala lao la vifurushi: miradi mingi ya watu iliyokitegemea ikagoma kujengeka.

Halafu jina jipya halifiki mbali. Dogo alijaribu andika("Moja", mwisho="") na ujumbe wa kosa ukaitaja print, si andika. "Mjomba, kwani print ametoka wapi tena?" Hapo ndipo nikamweleza kwamba swali lake la siku ya kwanza lilikuwa la maana. Lugha ya programu ya BASIC ilipoanza mwaka 1964 kule chuo cha Dartmouth, Marekani, watu walitumia mashine za teletype, zinazofanana na taipureta badala ya skrini, na PRINT ilichapa kwenye karatasi kweli.

Ule mstari ameufuta mwenyewe, siku hizi anaandika print. Ila aliuliza kama karatasi hizo zilikuwa A4. Zilikuwa za roli, nikamwambia, kama risiti ya dukani, ila pana.