Mwaka 2021 ulinifundisha kulala na simu yenye sauti

Usiku wa kuamkia 11 Desemba 2021 mji wetu ulipigwa na tonado, upepo mkali unaozunguka kama bomba kutoka mawinguni hadi ardhini, lakini simu yangu haikulia. Nilikuwa nimezima tahadhari za dharura kwa sababu mlio wake ulimtisha mwanangu. Aliyetuamsha ni jirani, mama wa Uvira, akigonga mlango kwa ngumi zote mbili: “Dada, amkeni! Ingieni bafuni!” Ilikuwa saa saba usiku hapa Bowling Green, Kentucky, Marekani. Tulijibana wanne bafuni, godoro la mtoto juu ya vichwa, umeme ukakatika. Nyumba yetu ilisalimika. Mitaa mingine ya mji ilisambaratika, na watu zaidi ya 15 walifariki, watoto wakiwemo.

Nimeurudia mwaka ule mara nyingi, na kinachonishtua ni saa zenyewe. Fultondale, Alabama, 25 Januari: tonado ilipiga watu wakiwa wameshalala. Pwani ya North Carolina, Februari: karibu saa sita usiku, watatu wakafa. Newnan, Georgia, 26 Machi: saa sita imeshapita. Naperville, Illinois, Juni: saa tano usiku. Kisha Desemba, mwezi ambao sisi wageni tuliujua kwa theluji tu, usiku uleule wa kwetu, tonado nyingine iliyobomoa mji wa Mayfield, hapahapa Kentucky, ilitambaa ardhini zaidi ya kilomita 260 na kuua watu 57.

Nyumbani Afrika Mashariki, Kimbunga Jobo cha Aprili mwaka huohuo kilifuatiliwa kwa siku kadhaa baharini, kikafifia kabla ya kufika. Tonado haikupi siku, inakupa dakika. Ukiwa usingizini, dakika hizo ni za simu yako tu. Basi leo kabla hujalala fungua mipangilio ya simu, hakikisha tahadhari za dharura zimewashwa. Ukiweza, nunua na redio ya hali ya hewa inayotumia betri. Mtandao ukikatika, yenyewe inaendelea.

Jambo la pili linahusu wazee wetu. Maneno mawili yanayotokea kwenye simu, watch na warning, yote yanaanza na “wa”, na mama yangu aliyachanganya kwa miaka. La kwanza maana yake hali inaruhusu tonado kutokea: kaa macho, chaji simu. La pili maana yake imeonekana, kwa macho au kwa rada: ingia ndani sasa hivi. Nimemwandikia lile la pili kwa kalamu nyekundu, nikalibandika kwenye jokofu. Fanya hivyo kwa kila mzee asiyesoma Kiingereza.

Mahali pa kujificha ni ghorofa ya chini kabisa, chumba cha katikati kisicho na dirisha. Usipoteze muda kufungua madirisha, hayo ni maneno ya mitaani. Anayeishi kwenye nyumba ya trela asisubiri: ahamie kwa ndugu mapema, jioni, onyo likiwa bado halijatoka. Kofia ngumu ya baiskeli inaokoa kichwa cha mtoto.

Na viatu! Asubuhi ile niliwaona watu peku juu ya vioo na misumari. Kwetu sasa viatu vya wote wanne vinalala bafuni, pamoja na tochi na mfuko wa plastiki wenye vyeti na hati zetu za uhamiaji.